Udongo wa Rapa Nui

Dada yangu alipandikizwa figo nchini India mwaka 2013, na tangu siku hiyo maisha yake yanakwenda kwa saa za dawa. Baada ya miaka michache daktari wake alimbadilishia mojawapo ya dawa hizo akampa sirolimusi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayemsomea karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi, nilikutana humo na jina lake la pili, rapamisini. Nilimwuliza mfamasia jina hilo limetokana na nini. Alinijibu kwamba limetokana na Rapa Nui, kisiwa cha volkano katika Bahari ya Pasifiki, kwa sababu bakteria anayeitoa dawa hiyo alipatikana katika udongo wa huko.

Nilinyamaza, maana Rapa Nui nilikuwa ninaijua kwa jina la Kisiwa cha Pasaka, na nilikuwa nimeifundisha. Kwa miaka 21 nilisomesha jiografia katika shule za sekondari mkoani Tanga, na kila tulipofika kwenye mada ya uharibifu wa mazingira nilikitumia kisiwa hicho kuwa mfano: watu walikata miti yote ili wasafirishe masanamu yao ya mawe, wakakosa mbao za mitumbwi, wakakosa chakula, wakapigana, wakabaki wachache. Wanafunzi waliupenda mfano huo kwa sababu ulikuwa na mwanzo na mwisho kama ngano. Dada alipopata habari ya asili ya dawa yake aliniambia, “Basi, mdogo wangu, nitafutie habari za watu hao vizuri, maana nimeishi kwa udongo wao miaka yote hii.” Nilianza kusoma kwa ajili yake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyobaini kwamba somo langu lilikuwa limewasingizia watu ambao walikwisha kuonewa vya kutosha. Ninayaandika haya kwa ajili yake, na kwa wale waliokaa mbele yangu darasani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Eneo lake ni kilomita za mraba 163 na ushei, yaani kama sehemu moja ya kumi ya Unguja. Upande wa mashariki, pwani ya Chile iko umbali wa kilomita 3,500 hivi, umbali usiopungua sana ule wa kutoka Mombasa hadi Maskati, na njiani hakuna makazi yoyote, ila miamba ya Salas y Gómez wanakotua ndege wa baharini. Upande wa magharibi, jirani wa karibu mwenye watu ni kisiwa cha Pitcairn, nacho kiko kilomita 2,000 hivi. Umbo la Rapa Nui ni la pembetatu, na kila pembe imesimamiwa na volkano: Poike mashariki, Rano Kau kusini-magharibi, na Terevaka kaskazini. Terevaka ndiyo ndefu kuliko zote, ina mita 507, na ndiyo changa; lava iliyomwagika kutoka kwake ndiyo iliyojaza nafasi ya katikati na kuzifanya hizo tatu kuwa nchi moja. Zote zimelala kwa muda mrefu. Chini yake kuna mlolongo wa milima ya baharini iliyozaliwa na joto linalopanda kutoka ndani ya dunia na kutoboa bamba la Nazca, kipande cha ganda la dunia ambacho kinasogea polepole kuelekea Amerika ya Kusini.

Mvua ya kisiwa si haba, lakini lava imejaa vitundu kama mkate wa kumimina, kwa hiyo maji huzama mara tu yanapoanguka na hakuna hata mto mmoja wa kudumu. Maji yanayoonekana juu ya ardhi yamo katika kreta tatu. Kubwa kuliko zote ni Rano Kau, ambayo upana wake ni kama kilomita moja na nusu, na ndani yake kuna ziwa lililofunikwa kwa visiwa vya matete. Nyingine ni Rano Raraku na Rano Aroi. Maji mengine hupita chini kwa chini na kutokeza ufukweni bahari inapokupwa, na wenyeji wa kale walijua kila mahali yanapochomoza, wakachimba na kujenga kingo za mawe ili wayateke kabla ya bahari kujaa tena. Yana chumvi kidogo, lakini yananyweka. Mtu yeyote aliyekulia kwenye visima vya pwani yetu anaelewa maisha hayo bila maelezo mengi.

Udongo ndio jambo ambalo sikuwahi kulifundisha, na ndilo lililonishika kuliko yote. Tumezoea kusema kwamba ardhi ya volkano ina rutuba, kama ilivyo Rungwe au miteremko ya Kilimanjaro. Rapa Nui si hivyo kila mahali, kwa sababu sehemu kubwa ya udongo wake ni wa zamani, mvua za karne nyingi zimekwisha kuuosha madini, na upepo wa chumvi hauna kizuizi. Wakulima wa kisiwa walitatua tatizo hilo kwa mawe. Walivunja lava, wakaitandaza shambani, wakapanda katikati ya mawe hayo. Tulipofundisha matandazo tulikuwa tunazungumzia majani makavu. Wao walitumia matandazo ya mawe, ambayo hupunguza ukali wa jua mchana, huhifadhi joto usiku, huzuia unyevu usipotee, hukinga miche na upepo, na kadiri yanavyolika huachia madini kidogo kidogo ndani ya udongo. Ndizi na mimea mingine isiyostahimili upepo waliizungushia kuta za mawe za mviringo ziitwazo manavai, na nyingi kati ya hizo bado zipo. Hata kuku walijengewa mabanda imara ya mawe. Katika mashamba hayo waliotesha viazi vitamu, magimbi, viazi vikuu, ndizi na miwa, vyakula ambavyo hakuna hata kimoja kinachohitaji tafsiri kwetu.

Mwaka 2024 watafiti walizipima bustani hizo za mawe kwa picha za setilaiti na wakakuta eneo lake halifiki kilomita moja ya mraba. Kwa hesabu yao, bustani hizo pamoja na samaki zingeweza kulisha watu wapatao 3,000, idadi inayokaribiana na ile ambayo mabaharia wa kwanza wa Ulaya waliikadiria. Hesabu hiyo ni muhimu, kwa sababu hadithi niliyoifundisha ilihitaji kwanza kuwe na watu wengi mno, makumi ya maelfu, ili baadaye waporomoke. Ikiwa hawakuwahi kuwa wengi kiasi hicho, maporomoko yenyewe hayakutokea.

Watu hao walifika kwa mitumbwi kutoka visiwa vya Polinesia, mnamo karne ya 12 au ya 13. Simulizi zao zinamtaja kiongozi Hotu Matu'a aliyetua kwenye ufuko wa Anakena, ambao ni mojawapo ya fukwe chache za mchanga katika kisiwa kilichozungukwa na majabali. Lugha yao imo katika ukoo mkubwa wa lugha za Kiaustronesia, na ukoo huo unaanzia huko kwao na kuishia kwa majirani zetu wa Madagaska: tano kwa Kirapanui ni rima, kwa Kimalagasi ni dimy. Mabaharia wa ukoo huo ndio wanaohusishwa na mirengu ya ngalawa zetu, zile mbao mbili za pembeni zinazokizuia chombo kisipinduke. Nilipokuwa darasani nilikichora kisiwa hiki kwenye ukingo wa mwisho wa ramani, na kumbe watu wake walikuwa na jamaa upande wa pili wa mlango wa bahari ya Msumbiji.

Viazi vitamu vyao vina habari nyingine. Asili ya zao hilo ni Amerika ya Kusini, na Wapolinesia walikuwa nalo karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kuingia Pasifiki. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia mabaki ya Warapanui 15 yaliyohifadhiwa Paris, ulionyesha kwamba mababu zao walichanganya damu na wenyeji wa Amerika kati ya mwaka 1250 na 1430. Watu tuliowafundisha kuwa walikwama kisiwani kwa kukosa mbao walikuwa wamekwisha kukutana na bara lililo ng'ambo ya kilomita 3,500 kabla Columbus hajazaliwa. Uchunguzi huohuo ulitafuta dalili ya watu kupungua ghafla katika karne ya 17, wakati ambao maangamizi yanadaiwa kutokea, na haukuiona. Ulichokiona ni idadi iliyokua polepole hadi miaka ya 1860.

Sitaki kuvuka mpaka upande wa pili na kusema kwamba miti haikutoweka. Ilitoweka. Kisiwa kilikuwa na msitu wa miti mikubwa ya jamii ya minazi, ya aina ambayo leo haipo tena, na katika karne chache za mwanzo msitu huo uliisha, kwa moto na shoka za wakulima, na pia kwa panya waliokuja na mitumbwi na kutafuna mbegu kabla hazijaota. Ilikuwa hasara kubwa, na ndege wengi walipotea pamoja nayo. Lakini bustani za mawe zilizidi kuenea baada ya miti kwisha, na watu waliendelea kula, kuzaa na kujenga. Hayo ni mabadiliko magumu ya mazingira ambayo jamii iliyakabili kwa akili, na mimi nilikuwa nimeyaeleza kama hukumu.

Kuhusu sanamu zenyewe, zinazoitwa moai, nitasema yale tu yanayogusa ardhi. Zinakaribia 1,000, na karibu zote zilichongwa katika Rano Raraku, kilima kilichofanywa kwa majivu ya volkano yaliyoshikamana kuwa jiwe laini linalochongeka kwa shoka za basalti, jiwe gumu la volkano. Takriban 400 bado ziko humo, nyingine zimesimama, nyingine zimezikwa hadi mabegani na udongo ulioteremka, nyingine hazijakatwa kutoka kwenye mwamba. Mojawapo ya hizo za mwisho ina urefu wa mita 21. Vilemba vyekundu vilivyowekwa vichwani mwa baadhi yao vilitoka kilima kingine, Puna Pau. Walisimamishwa juu ya majukwaa ya mawe yaitwayo ahu, wengi wao wakiipa bahari mgongo na kuwatazama watu wa ukoo wao, kwa kuwa walikuwa sura za wazee waliotangulia. Wenyeji siku zote walisema kwamba moai zilitembea. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012, watafiti walichukua nakala ya tani zaidi ya 4, wakaifunga kamba, na watu 18 wakaitembeza wima kwa kuiyumbisha huku na huku, bila gogo lolote chini yake. Magogo niliyoyachora ubaoni hayakuhitajika.

Mholanzi Jacob Roggeveen alikiona kisiwa siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1722, na kutokana na siku hiyo likapatikana lile jina ambalo dunia inalitumia. Watu wake waliposhuka walifyatua bunduki na kuua wenyeji wapatao kumi. Wahispania walifuata mwaka 1770, Mwingereza James Cook mwaka 1774, Mfaransa La Pérouse mwaka 1786, kisha wawindaji wa nyangumi na wengineo. Katika kipindi hicho moai zilianza kuangushwa, na kufikia katikati ya karne ya 19 hapakuwa na hata moja iliyosimama juu ya jukwaa lake. Kulikuwa na ugomvi baina ya koo, na ibada mpya ya mtu-ndege ilikuwa imeshika nguvu huko Orongo, kwenye ukingo wa Rano Kau, ambako kila mwaka vijana walishindana kuteremka jabali na kuogelea hadi kisiwa kidogo cha Motu Nui ili walete yai la kwanza la msimu. Hata hivyo watu walikuwa bado wapo kwa maelfu.

Maangamizi yana tarehe, na ni Desemba 1862. Peru ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1854, na matajiri wake wa mashamba walitaka watu wa kufanya kazi bila kulipwa ipasavyo, kwa hiyo wafanyabiashara walituma meli Pasifiki kuwakusanya kwa kisingizio cha mikataba. Rapa Nui ilikuwa karibu kuliko visiwa vingine vingi na haikuwa na dola ya kuitetea. Vitu vya kuvutia vilitandazwa ufukweni, watu wakasogea kuviokota, na bunduki zikalia. Katika miezi michache walichukuliwa watu wapatao 1,400, zaidi ya theluthi moja ya watu wote, miongoni mwao wakiwamo ukoo wa mfalme na wataalamu waliojua kusoma rongorongo, maandishi ya kisiwa hicho yaliyochongwa juu ya mbao. Mwaka huo soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa bado wazi, na lingefungwa miaka kumi na mmoja baadaye. Sisi wa pwani hii hatuna udhuru wa kuisoma habari hiyo harakaharaka.

Askofu wa Tahiti na serikali ya Ufaransa walipiga kelele, na Peru ikakubali kuwarudisha waliobaki, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kiasi cha watu 100 walipakiwa melini kurudi kwao. 85 walifia baharini, na 15 walioshuka walikuwa na ndui. Ugonjwa huo ulimaliza vijiji. Kisha likaja wimbi la wamisionari na la walowezi, na mamia ya watu walihamishiwa visiwa vya Mangareva na Tahiti. Alipofika mgeni mmoja wa Kifaransa kuwahesabu wenyeji mwaka 1877, walikuwa 111, na inasemekana Warapanui wote wa leo wametokana na watu 36 tu kati ya hao. Mbao za rongorongo zilizosalia duniani ni kama dazeni mbili, zote ziko katika makumbusho ya nje, na hakuna anayeweza kuzisoma. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilikiweka kitabu chini, kwa sababu nilikumbuka swali la mtihani nililolitunga: “Eleza jinsi watu wa Kisiwa cha Pasaka walivyojiangamiza.” Alama kumi.

Ardhi iliyobaki bila watu ilikuwa na thamani kwa wengine. Nahodha Mfaransa Jean-Baptiste Dutrou-Bornier alianza kuinunua kwa bei ya bure tangu mwaka 1868 na kuingiza kondoo, hadi alipouawa mwaka 1876. Mwaka huohuo wa 1868 meli ya kivita ya Uingereza, Topaze, ilibeba kutoka Orongo moai ya basalti iitwayo Hoa Hakananai'a, ambayo hadi leo iko London katika British Museum. Wajumbe wa kisiwa walikwenda kuiomba mwaka 2018.

Tarehe 9 Septemba 1888, ofisa wa jeshi la wanamaji la Chile, Policarpo Toro, alitia saini mkataba na wakuu wa kisiwa wakiongozwa na Atamu Tekena. Simulizi ya Warapanui inaeleza kwamba siku hiyo Atamu Tekena aling'oa bonge la udongo lenye nyasi, akazitenga nyasi na udongo, akampa Toro nyasi, na ule udongo akautia mfukoni mwake. Maana yake ilikuwa wazi kwa wote waliokuwapo: Chile inaweza kutumia kinachoota juu, nchi yenyewe inabaki kwa wenyewe. Matini mbili za mkataba, ya Kihispania na ya lugha ya kisiwa, hazisemi jambo moja.

Chile ilikitazama kisiwa kama malisho. Kilikodishwa, na tangu mwaka 1903 hadi 1953 kiliendeshwa na kampuni ya kondoo iliyokuwa chini ya nyumba ya biashara ya Williamson-Balfour. Idadi ya kondoo ilifikia 70,000 kwa wakati mmoja. Wenyeji walisukumwa wote katika kijiji cha Hanga Roa, wakazungushiwa ukuta, na kutoka nje yake walihitaji ruhusa. Mawe ya kuta za malisho yalitolewa katika nyumba za kale, katika majukwaa ya moai na katika manavai. Mmomonyoko wa udongo ambao vitabu vyetu vinawabebesha watu wa kale una mkono mkubwa wa kwato hizo. Mwaka 1914 mwanamke mzee aitwaye Angata aliota kwamba Mungu ameamuru ardhi na mifugo virudishwe kwa wenyewe, akawaongoza watu kuchukua kondoo wa kampuni, hadi meli ya jeshi ilipofika kuwazima. Mwaka 1933 serikali ya Chile iliandikisha ardhi yote ya kisiwa kwa jina lake kule Valparaíso, kwa hoja kwamba haikuwa na mwenyewe.

Kampuni ilipoondoka, jeshi la wanamaji lilishika utawala, na vizuizi havikuisha. Hapo ndipo simulizi ya dawa ya dada yangu inapoingia. Desemba 1964 msafara wa kitabibu kutoka Kanada, ulioongozwa na daktari Stanley Skoryna wa Chuo Kikuu cha McGill, ulitua Hanga Roa ili kuwachunguza watu wote kabla kisiwa hakijajengewa uwanja wa ndege. Mwanabakteria mmoja wa msafara huo, Georges Nógrády, alijiuliza kwa nini watu wanaotembea pekupeku kwenye ardhi yenye farasi tele hawaugui pepopunda, akachota udongo sehemu mbalimbali za kisiwa na kuutia katika vichupa. Udongo huo ulipelekwa Montreal, katika maabara ya kampuni ya dawa ya Ayerst, ambako mwanakemia Surendra Sehgal na wenzake walipata bakteria anayetoa kemikali inayoua fangasi. Waliipa jina la kisiwa. Baadaye iligundulika kwamba inatuliza kinga ya mwili, na kampuni ilipofunga maabara hiyo katika miaka ya 1980 na kuacha utafiti, Sehgal alihifadhi bakteria huyo katika friza ya nyumbani kwake hadi kazi ilipoendelea tena. Mwaka 1999 Marekani iliiidhinisha itumike kwa waliopandikizwa figo, na leo ni miongoni mwa kemikali zinazochunguzwa sana duniani kuhusu saratani na uzee. Imeingiza mabilioni ya dola. Watu waliokuwa wenye udongo ule hawakuombwa idhini wala hawakupata fungu, na miaka mingi ilipita bila hata kutajwa katika maandiko ya kisayansi.

Wakati vichupa vikijazwa, wenyeji walikuwa na shughuli yao. Mwalimu kijana wa miaka 22, Alfonso Rapu, alikuwa ameongoza watu kumwandikia Rais Eduardo Frei barua ya kueleza maonevu ya jeshi na kudai haki ya kuchagua viongozi wao. Jeshi lilitaka kumkamata, watu wakamkinga, na kuwapo kwa wageni wa Kanada kulifanya iwe vigumu kutumia nguvu kimyakimya. Rapu alichaguliwa kuwa meya muda mfupi baadaye, na mwaka 1966 sheria maalumu iliwapa Warapanui uraia kamili pamoja na haki ya kupiga kura, miaka 78 baada ya mkataba. Kwangu mimi, niliyekuwa mwalimu, habari hiyo inanigusa kwa namna ya pekee.

Uwanja wa ndege wa Mataveri ulifunguliwa kwa safari za abiria mwaka 1967, na uchumi ukageuka. Zamani meli ya shehena ilikuja kama mara moja kwa mwaka. Katika miaka ya 1980 njia ya kurukia ilirefushwa kwa fedha za NASA hadi ikapita kilomita tatu, ili vyombo vya anga vya Marekani vipate mahali pa kutua kwa dharura. Havikuwahi kuihitaji, lakini ndege kubwa za abiria ziliihitaji. Mwaka 1995 UNESCO iliiingiza Hifadhi ya Taifa ya Rapa Nui katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kule Tongariki, tsunami ya tetemeko la Chile la Mei 1960 ilikuwa imezisomba moai 15 na kuzitawanya bara; katika miaka ya 1990 zilisimamishwa tena kwa winchi iliyotolewa na kampuni ya Kijapani, na sasa ndizo zinazopigwa picha kuliko zote.

Kabla ya janga la Uviko-19 watalii walipita laki moja kwa mwaka, katika kisiwa ambacho sensa ya 2017 ilihesabu watu 7,750, chini ya nusu yao wakiwa wenyeji wa asili. Fedha ziliingia, na nyumba za wageni, magari ya kukodi, waongozaji na wachongaji wakapata riziki. Vilevile zilikuja taka zisizo na pa kuzikwa, magari mengi kuliko barabara, na wahamiaji kutoka bara, hadi mwaka 2018 sheria ikapunguza muda wa mgeni kukaa kutoka siku 90 hadi 30. Mafuta ya jenereta, saruji na mchele vyote vinakuja kwa meli ambazo hazina bandari ya kina cha kutosha, hivyo hutia nanga nje na kupakua kwa matishari. Jodari wa huko ni wazuri, na bahari yao ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 2018, ila plastiki za Pasifiki nzima zinaishia kwenye fukwe zao.

Machi 2020 ndege zilisimama, na kisiwa kilifungwa hadi Agosti 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili chanzo kikuu cha mapato hakikuwapo. Watu walifufua umanga, desturi ya kusaidiana kazi bila malipo, wakarudi mashambani, wakabadilishana samaki kwa viazi, na manispaa ikagawa mbegu na miche. Wako waliopanda ndizi ndani ya manavai zilezile za mababu zao, na zikazaa. Nilipomsomea dada sehemu hii alicheka kwa furaha ya kweli.

Jambo ambalo halijaisha ni ardhi. Novemba 2017 Rais Michelle Bachelet aliikabidhi jumuiya ya wenyeji, Ma'u Henua, uendeshaji wa hifadhi ambayo imechukua zaidi ya theluthi moja ya kisiwa na ndiyo yenye moai, ahu na makaburi ya koo zao. Viingilio vya watalii sasa vinapitia mikononi mwao, na wao ndio waliopambana na moto ulioingia Rano Raraku Oktoba 2022 na kuzibabua sanamu kadhaa. Lakini kilichotolewa ni kibali cha kuendesha kwa muda wa miaka 50, na uandikishaji wa mwaka 1933 haujafutwa. Wakati huohuo bahari inapanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umeonya kwamba ifikapo 2080 mawimbi makubwa yanaweza kulifikia jukwaa la Tongariki.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kibali hicho kinaisha mwaka gani. Nilimwambia ni 2067. Akaniomba nimwandikie pembeni mwa boksi la dawa jina la yule aliyetia udongo mfukoni, nami nikaliandika kwa herufi kubwa: ATAMU TEKENA.